Kondoo Aliyenyimwa Kisu

Ukikutana na Yarrow Abdiqani mara ya kwanza utasema mtu huyu ana dharau. Umesimama mbele yake, naye macho ameyapeleka kwenye bega lako, au kwenye mti ulio nyuma yako, huku anakuuliza habari za mama yako. Mimi siku ya kwanza niliudhika. Nikamwambia, "Mzee, niko hapa, siko kule."

"Bokomo," akanijibu akicheka, "mimi nikikuangalia sawasawa, wewe nabotea."

Mimi ni Mpokomo kweli, wa ng'ambo ya Tana, na ni dereva wa gari la chanjo la ofisi ya mifugo. Herufi P humshinda Yarrow, kwa hiyo Bokomo likawa jina langu, na sasa hata mke wangu huniita hivyo akitaka kunichokoza.

Kuhusu macho yake, kuna doa jeusi limekaa katikati ya yote mawili. Pembeni anaona vizuri tu. Mbuzi akiwa mbali bado Yarrow atakwambia ni wa nani. Lakini uso wa mtu akiukabili, unafutika. Daktari alimwambia ni alama iliyoachwa na homa ya mwaka wa mafuriko, mwisho wa 2006, homa ya Bonde la Ufa, ambayo Wasomali huiita sandik kwa kuwa mnyama hutokwa na damu puani. Pale Balambala, kwao Yarrow, wapo wanaosema ni jini. Yarrow hakubaliani na daktari wala na hao wengine.

"Haba katikati iko Hamse," aliniambia siku moja, akielekeza kidole hewani mbele ya pua yake. "Nikiangalia mtu, Hamse nasimama mbele."

Hamse alikuwa ndugu yake mdogo, na amekufa zamani. Nasema wazi: tangu nisikie maneno hayo sikupenda tena Yarrow anigeuzie uso. Nikiendesha naye kando yangu, afadhali atazame barabara.

Kabla ya macho kuharibika, Yarrow alikuwa mchinjaji. Hapa lazima niwaeleze wasiolelewa na mifugo. Mnyama akifa mwenyewe ni kibudu, ni haramu, ni chakula cha fisi. Ukimwahi angali anapumua, ukasema bismillahi na kisu kikapita, ni nyama halali na watoto wamekula. Kwa hiyo mfugaji akimwona kondoo wake amelala chini anatetemeka, haulizi kwanza ana ugonjwa gani. Anatafuta kisu. Ni mashindano baina ya watu na mauti, na zawadi ni sufuria moja ya nyama. Sicheki, maana njaa ya huku naijua, na hata kwetu mtoni tumeyafanya.

Kisu cha Yarrow kilikuwa chepesi kuliko vyote. Aliitwa kutoka boma hili na lile, akaja mbio, kisu kimechomekwa kiunoni kwenye kikoi. Watu walitania kwamba malaika wa mauti akitoka pamoja na Yarrow, Yarrow atatangulia kufika. Naye alikuwa akijivunia utani huo. Leo ukimkumbusha ataondoka barazani.

Ule mwaka wa mafuriko maji yalituama kila mahali, mbu wakazaliana, kondoo wakaanza kutupa mimba, kisha wakubwa nao wakawa wanaanguka. Yarrow alichinja tangu asubuhi mpaka jioni. Siku moja kondoo wa nyumbani kwao akaanguka, na Hamse akamshikia miguu. Kondoo alijitupa, damu ikamrukia Hamse usoni na mdomoni. Haukupita muda ndugu wote wawili walikuwa wanaungua kwa homa. Yarrow aliinuka na macho hayo ninayokwambia. Hamse alitokwa na damu puani na kwenye ufizi, akafa mchana, mama yake anamfuta.

Watu walisema ni kadari. Ni kadari, nani atabisha? Lakini baadaye walikuja wataalamu waliojifunga barakoa, wakaeleza kwamba ugonjwa ulikuwa katika damu ya wanyama waliochinjwa. Yarrow alikuwa amekaa nyuma kabisa, akasikia. Tangu siku hiyo hajakata kitu kwa kisu. Hata nyama iliyopikwa hukatiwa na mkewe, na usimuulize kwa nini.

Ofisi ilimpa kazi ya kututangulia. Sisi tukipanga kwenda mahali kuchanja, Yarrow huenda mapema kuwaambia watu. Ni mshawishi mkali, hana maneno ya asali. Nimemsikia akimwambia mzee mwenye ngamia wengi, "Chanjo ni kabla ya mvua! Ugonjwa ukishaingia kwa kundi, sindano yenyewe natoa kwa mgonjwa nabeleka kwa mzima. Wakati huo usiniite, ita fisi." Mzee alikasirika, kisha akaleta wanyama.

Lakini kuna jambo moja lililomshinda hata Yarrow. Mfugaji wa huku hakwambii idadi ya wanyama wake. Muulize, atasema, "Alhamdulillahi, wapo." Kuwahesabu ni kuwaita husuda na jicho baya. Na sisi tukichanja tunahesabu, hiyo ndiyo serikali. Kwa hiyo mtu akisikia gari letu, anagawa kundi: waliokonda anatuletea, wazuri wenye mafuta anawaficha vichakani. Matokeo yake tunawakinga wanyonge, na wale wa kujivunia tunauachia ugonjwa. Nilimwambia mkubwa wangu, kwa nini tusiache kuhesabu? Alinitazama kama mtu aliyeambiwa gari liende bila magurudumu.

Rukiyo ni dada yake Yarrow, kitinda mimba wao. Ameolewa na Deeq, mtu mpole, mwenye boma nje ya Balambala upande wa kuelekea Modogashe. Kiangazi cha 2023 tulifika kwao na chanjo. Deeq alituletea kondoo waliokonda, akasema ndio hao tu. Yarrow alitupa jicho lake la pembeni kule vichakani, akaona vumbi. Alijua. Lakini nani atamwaibisha shemeji mbele ya wageni? Waliokonda wakachanjwa, wa vichakani akawaacha.

Kisha El Nino ikaja. Tana ilifurika, barabara ya Garissa ikakatika, unga ukawa wa kutafutwa kama dawa. Maji yalipopungua wakabaki mbu. Mwanzoni mwa 2024 zikaanza tetesi za mimba kutupwa, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sisi tukaagizwa kuchanja makundi ambayo bado hayakuguswa, upande wa nchi kavu. Tuko njiani kwenda huko, Yarrow akapigiwa simu na jirani wa dadake: kondoo wa Deeq wanaanguka, wale waliofichwa. Waliochanjwa wanakula majani kama hakuna kitu. Deeq mwenyewe yuko Modogashe kutafuta unga kwa jamaa zake, na Rukiyo yuko peke yake na watoto.

"Geuza gari," Yarrow akasema.

Nikageuza. Mkubwa wangu angeniuliza baadaye, na aliuliza.

Njiani Yarrow akaanza mwenyewe, macho yako dirishani.

"Bokomo, nitamkataza kuchinja. Lakini atauliza sababu."

"Si umwambie sababu? Kila siku unawaambia watu."

"Watu si Rukiyo." Akapangusa uso kwa mkono. "Ile siku, Hamse hakuwa nyumbani. Alikuwa madukani nakunywa chai. Mimi nilikuwa na kisu, nakosa mtu ya kushika miguu. Unajua nani alikimbia kumwita? Rukiyo. Alikuwa mtoto mdogo, hakuna mtu alimtuma. Aliona kondoo nataka kufa, akakimbia mwenyewe. Alirudi na yeye nafuraha sana."

Nilipunguza mwendo bila kukusudia.

"Sisi tulimwambia Hamse aliuawa na homa ya mvua," akaendelea. "Mama alisema hifyo, mimi nikasema hifyo, mpaka leo. Yeye alikua, akaolewa, iko na amani. Mtoto yake ya kwanza alimwita Hamse. Sasa mimi nikimwambia damu ndio ilimuua Hamse, si atahesabu mwenyewe? Atafika kwa ile siku. Atafika kwa miguu yake."

"Na usipomwambia?"

"Atachinja. Watoto watashika miguu."

Mtu ana kazi ya kuokoa watoto wa dadake, na dawa yenyewe ni sumu kwa dadake. Niliwasha redio, akaizima.

Tulipofika, nilichokiona kwanza ni mtoto. Alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba, ameshika miguu ya kondoo dume mkubwa aliyelazwa ubavu. Ndiye Hamse mdogo, mwenye miaka kama minane hivi, ameuma ulimi kwa bidii. Kondoo alikuwa na damu kavu kwenye pua, na kila pumzi yake ilitoka na mlio, kama mtu anayeburuta gunia. Rukiyo alisimama kando na kisu mkononi, akitazama njia, akingoja mwanamume yeyote apite amchinjie. Alipomwona kaka yake anashuka kwenye gari, alinyanyua mikono yote miwili.

"Aboowe!" akamwita, kwa heshima ile ya kaka mkubwa. "Mungu amekuleta wewe hasa! Haraka, bado anapumua!"

Walisema Kisomali, nami nakisikia vizuri. Nawawekea hapa kwa Kiswahili.

Yarrow hakukimbia. Alikwenda mpaka kwa mtoto, akamshika makwapani, akamwondoa kwa kondoo kama anayemtoa kisimani. "Hujakatwa? Damu imekugusa? Mdomoni je?" Mtoto akamwambia mjomba wake hapana, abti, hapana, akiwa karibu kulia. Mimi nikaleta maji na sabuni, tukamsugua mpaka viwikoni. Nikwambie mapema usije ukakosa usingizi: mtoto hakuugua, wala wadogo zake.

Kisha Yarrow akamwendea dadake, akachukua kisu kwenye mkono wake, akanipa mimi, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Bokomo, beleka kwa gari. Funga mlango." Akarudi, akaketi chini kati ya kondoo na watu, akakunja miguu.

Rukiyo alicheka kwanza. Alidhani ni mzaha, ingawa Yarrow hana mzaha wa aina hiyo. Alipoona kaka yake amekaa tu, cheko lilimwisha.

"Aboowe, atakufa."

"Mwache afe."

Kwa mfugaji neno hilo ni kama matusi. Hata mimi lilinikereketa. Kondoo yule alikuwa mnene, alikuwa miongoni mwa wale waliofichwa tusiwaone, na mle ndani watoto walikuwa wanakunywa chai ya rangi tangu unga uishe. Maziwa hakuna, maana majike yaliyofichwa yametupa mimba, na yale yaliyokonda hayakamuliki. Na hapo mbele yao nyama ilikuwa inapumua bado.

Rukiyo akaomba. Alimtaja mama yao, akawataja watoto mmoja mmoja. Alisema atachemsha nyama mpaka iwe uji, hakuna ugonjwa utakaobaki. Yarrow akasema si nyama, dada, ni damu, ni kule kuchinja kwenyewe. Rukiyo akasema wewe umechinja maelfu na uko hai. Hapo Rukiyo akaghadhibika, na dada akighadhibika anajua mahali pa kupiga.

"Umewachinjia watu wote wa Balambala," akasema. "Watoto wa watu wameshiba kwa mkono wako. Leo ni wangu, unakaa kama jiwe. Hamse angekuwa hai asingenifanyia hivi. Hamse angenichinjia!"

Kondoo alivuta pumzi, ikakawia kutoka.

Nilimwona Yarrow akifunga macho. Nilitamani angesema uongo wowote, kwamba serikali imekataza, kwamba kuna faini. Lakini alijua anachokijua: kesho angeanguka mwingine, yeye hatakuwepo, na Hamse mdogo angeshika miguu tena.

"Hamse alikufa kwa damu ya kondoo," akasema. "Alinishikia miguu, damu ikamwingia mdomoni. Haikuwa homa ya mvua. Tulikudanganya. Na mimi ndiye niliyekata."

Rukiyo hakulia. Alisimama vilevile, mkono mmoja mdomoni. Upepo ulikuwa unapeperusha ushungi wake na yeye hakuushika. Sote watatu tukabaki tunamsikiliza kondoo, kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine ya kusikiliza. Alichukua muda wake. Alipokata roho, niliona mabega ya Yarrow yakishuka, kama mtu aliyelemewa na mzigo asiyejua autue wapi.

Tukachimba shimo mbali na nyumba na mbali na njia ya maji. Tulikuwa na glavu garini na koleo, tukamzika kwa kina na kumwagia chokaa juu. Rukiyo alikuja nyuma yetu, akasimama mbali kidogo, anatazama udongo unavyoingia. Yarrow alimweleza yaliyobaki kwa sauti ya chini: mimba zilizotupwa zisiguswe kwa mikono mitupu, maziwa yakipatikana yachemshwe, watoto walale ndani ya chandarua, unga angeuleta yeye mwenyewe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua. Rukiyo aliitikia kila neno kwa kichwa. Nikaanza kudhani imepita. Nikasema moyoni, mwanamke huyu ana watoto wa kuwaangalia, hana nafasi ya kuhesabu ya zamani.

Ndipo akauliza.

"Aboowe, siku ile Hamse alikuwa nyumbani?"

Yarrow alisimamisha koleo. "Alikuwa nyumbani."

"Hakuwa madukani?"

"Alikuwa nyumbani. Nilimwita mimi. Nilimwambia njoo shika miguu, akaja." Alisema kwa haraka, kama alivyokuwa akichinja zamani. "Mimi ndiye niliyemwita, Rukiyo. Hakuna mwingine."

Nikainamisha kichwa nikajifanya nasawazisha udongo. Sikuwahi kusikia uongo uliosemwa kwa mapenzi kiasi kile, na nilimwomba Mungu aubariki.

Rukiyo alimtazama kaka yake kwa muda. Hakubisha. Macho yake yalihama, yakaenda juu ya vichaka, upande wa Balambala kwenye maduka, na uso wake ukawa mdogo, ukawa wa mtoto. Akayasema maneno ambayo Yarrow hakuwahi kuniambia, na sidhani kama yeye mwenyewe aliwahi kuyasikia, maana yalisemwa mbali na yeye, kwenye kibanda cha chai, miaka yote hiyo iliyopita.

"Hamse, orod," alisema taratibu. "Orod, kimbia, Hamse, nyama itatupotea."

Upepo ulilichukua jina. Kutoka nyumbani tukasikia nyayo, na mwanawe akaja mbio kama mtoto aliyefunzwa adabu, mikono yake ingali na povu la sabuni, akasimama mbele ya kaburi la kondoo akihema.

"Hooyo," akamuuliza mama yake, "umeniita?"